Utafiti wa Kilimo: Nani Aliyeuliza Swali?

Neno "utafiti" likitajwa mbele ya mfanyakazi wa shamba au wa kiwanda, mara nyingi huliona kuwa ni jambo la watu wengine. Humfikiria bwana mmoja mwenye koti jeupe akipima udongo ndani ya vichupa, au gari la chuo kikuu linalopita katikati ya shamba na kutoweka likiacha vumbi. Mnyapara husema, "Hao ni wataalamu," na mazungumzo huishia hapo. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona kuwa kuishia hapo ni hatari. Mashine inayoteremshwa shambani leo haikuanza leo. Mbegu mpya, dawa mpya ya kuua wadudu, mizani mpya ya kupimia mavuno, vyote vilianza kama swali katika chumba cha mtu fulani, miaka kumi au ishirini iliyopita, na siku hiyo hakuna mfanyakazi aliyeitwa kutoa maoni yake.

Ili tusizungumze hewani, ndugu wasomaji, tumechukua mfano wa mbali, yaani jimbo la California nchini Marekani. Tumeuchukua kwa sababu kisa chenyewe kilifika mahakamani, na mambo ambayo kwa kawaida hulala ndani ya mafaili yakatolewa hadharani. Tena ndugu zetu wachuma chai wa Kericho, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kenya, wamekwisha kupatwa na jambo la namna hiyo hiyo. Sisi wa Uganda tutakuwa tunajidanganya tukidhani kwamba mashine itasimama Malaba kungoja kugongewa mhuri.

CHUO CHA KODI ZA WATU

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoyapa majimbo ya Marekani ardhi ya serikali ili iuzwe, na fedha zake zijenge vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. (Ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, lakini hicho ni kisa kingine kirefu.) Mwaka 1887 ikaja sheria ya Hatch, iliyotenga fedha za serikali kila mwaka kwa vituo vya utafiti wa kilimo vilivyo chini ya vyuo hivyo. Chuo Kikuu cha California, kilichoanzishwa mwaka 1868, ni kimojawapo. Tawi lake la Davis lilianza kama shamba la mafunzo mwanzoni mwa karne ya 20, na sasa linajulikana dunia nzima kwa kazi yake katika kilimo.

Kwa hiyo utafiti tutakaoueleza haukufanywa na kampuni katika jumba lake la siri. Mishahara ya wataalamu, mashamba ya majaribio na vyombo vyao vililipiwa kwa sehemu kubwa na hazina ya umma. Mchuma nyanya aliponunua viatu alilipa kodi, na sehemu ndogo ya kodi hiyo ilikwenda Davis. Jambo hili tulishike, maana ndilo lililoleta kesi.

NYANYA IFUATE MASHINE

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wenye mashamba makubwa wa California walilalamika kwamba hawana watu wa kuvuna. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ikapatana na Mexico kuleta vibarua wa mkataba, walioitwa "braceros", yaani watu wa kazi ya mikono. Mpango huo wa vita uliendelea karibu miaka 20 baada ya vita kwisha, hadi tarehe 31 Desemba 1964, na mikataba zaidi ya milioni 4 ilitiwa sahihi. Kibarua wa namna hiyo hakuweza kumwacha mwajiri mbaya akamtafute mwema. Aliyelalamika sana alirudishwa kwao. Na wafanyakazi wenyeji walipodai nyongeza, waliambiwa kuna wengine watakaoifanya kazi hiyo kwa bei ya chini. Ndiyo sababu vyama vya wafanyakazi vilipigania mpango huo ufutwe, na ukafutwa.

Nyanya za viwandani, zile za kutiwa makoponi na kupikwa sosi, zilivunwa hasa na braceros hao. Ilikuwa kazi ya kuinama tangu alfajiri, kujaza masanduku na kuyabeba hadi mwisho wa mstari. Wenye mashamba waliona mapema kwamba siku moja mpango utakwisha. Swali lao kwa chuo likawa: tutavunaje bila watu hawa?

Tunaomba msomaji alitazame vizuri swali hilo. Hawakuuliza kazi hii iweje ili mtu aifanye bila kuvunjika mgongo, wala iwe na mshahara gani ili watu wa hapa hapa waitake. Maswali hayo nayo yalistahili utafiti, ila hayakupelekwa Davis na mtu aliyesikilizwa.

Mtaalamu wa mboga wa Davis, Jack Hanna, alilivaa jambo hilo tangu miaka ya 1940. Taabu ya nyanya ni kwamba haziivi kwa pamoja: mche mmoja huwa na nyekundu, za njano na mbichi kabisa. Mchumaji mwenye macho na vidole huchukua iliyoiva, akaiacha mbichi, akarudi baada ya siku chache. Mashine haina uvumilivu huo. Tena nyanya ni laini, ikianguka hupasuka. Wengine wangejaribu kuunda mashine yenye mkono mwororo. Hanna aliligeuza jambo: badala ya kutafuta mashine itakayoweza nyanya, atatafuta nyanya itakayoweza mashine. Akaanza kuchanganya mbegu, mwaka baada ya mwaka, akitafuta mche mfupi ambao matunda yake huiva karibu yote kwa wakati mmoja, yenye ngozi ngumu, yanayoachia kikonyo yakitikiswa. Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka 20. Kwa upande wa ufundi, mhandisi wa chuo hicho hicho, Coby Lorenzen, alishughulikia mashine yenyewe. Mbegu na chuma vilikua pamoja, kila kimoja kikipimwa kwa kingine.

Kama kazi ya akili, tunaivulia kofia. Anayesema wataalamu hawafanyi kazi hajapata kupanda mbegu moja mara elfu akitupa zote isipokuwa tatu.

Kufikia mwaka 1960 kampuni ya Blackwelder ya mji wa Rio Vista ilikuwa ikiunda mashine hizo kwa leseni, na chuo kikipata mrabaha. Mashine hukata mche mzima karibu na udongo, huupandisha juu kwa mkanda, huutikisa mpaka matunda yaanguke, kisha matunda hupita katika mikanda mingine iliyo ubavuni. Hapo ubavuni walisimama wachambuaji, wengi wao wanawake, wamepanda juu ya mashine inayotembea, katika vumbi na kelele, wakitupa mbichi na mabonge ya udongo. Walilipwa kwa saa, wala hawakuinama. Wapo waliosema hiyo ilikuwa afadhali kuliko sanduku na mgongo, nasi hatuna sababu ya kubisha.

Mwaka 1964, mwaka wa mwisho wa braceros, chini ya asilimia 5 ya nyanya za viwandani za California zilivunwa kwa mashine. Mwaka 1968 zilikuwa karibu asilimia 95. Miaka minne tu! Mtoto aliyezaliwa siku mpango ulipofutwa alikuwa bado hajaanza shule, na kazi yote ya baba yake ilikuwa imekwisha kubadilika. Katikati ya miaka ya 1970 zikaja mashine zenye jicho la umeme linalotambua rangi, linalotupa nyanya mbichi lenyewe. Basi hata wale wanawake waliokuwa ubavuni wakaanza kuteremshwa mmoja mmoja. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kazi kiasi cha 32,000 zilikuwa zimeondoka katika nyanya peke yake.

Nao wenye mashamba hawakunusurika wote. Mashine moja ilihitaji eneo kubwa la kuilisha, na bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola. Mkulima mdogo hakuiweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ilikuwa na wakulima wa nyanya za viwandani wapatao 4,000. Mwaka 1973 walibaki kama 600. Nyanya zilizidi kuwa nyingi, wakulima wakazidi kuwa wachache. Waliopata ni hao 600, wenye viwanda vya makopo, na waunda mashine. Mlaji labda alipata senti kidogo kwenye kopo.

HESABU YA MWAKA 1970

Sasa tunafika mahali ambapo sisi wenyewe tulishangaa tuliposoma. Mwaka 1970 wachumi wawili wa chuo hicho hicho, tawi la Berkeley, Andrew Schmitz na David Seckler, walichapisha hesabu ya faida na hasara ya mashine ya nyanya. Walipima gharama ya utafiti, faida iliyopatikana, na mishahara iliyopotea kwa waliofukuzwa kazi. Wakaona kwamba faida ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba wafanyakazi wangeweza kulipwa fidia, na bado ikabaki faida kwa jamii. Kisha wakaeleza jambo la pili bila kulificha: fidia hiyo haikulipwa.

Tafakarini, ndugu. Mara nyingi tukidai fidia mashine inapoingia, tunaambiwa fedha hazipo, na kwamba tunataka kuua maendeleo. Hapa wataalamu wenyewe, kwa kalamu zao, walionyesha kuwa fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzidai mahali pa kufaa, kwa wakati wa kufaa. Mwaka 1964 wachuma nyanya hawakuwa na chama chenye nguvu. Chama cha César Chávez kilikuwa kichanga, kimeanza mwaka 1962, na mgomo wake maarufu wa zabibu za Delano ulikuja mwaka 1965. Kilipopata nguvu ya kusema juu ya utafiti wa chuo, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake.

Kesi ilifunguliwa Januari 1979. Walioshitaki ni kikundi cha kutetea wakulima wadogo pamoja na wafanyakazi wa mashamba, wakisaidiwa na mawakili wa shirika la msaada wa sheria vijijini. Hawakuiomba mahakama ipige mashine marufuku. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ya 1887 ilikusudia kuwafaa watu wa vijijini, na chuo kilikuwa kikitumia fedha hizo kuwafaa matajiri wachache. Wakati huo huo Waziri wa Kilimo wa Marekani, Bob Bergland, naye akatamka kwamba haoni vema fedha za serikali zitumike katika utafiti wa kuwaondoa kazini watu walio tayari kufanya kazi. Wataalamu wa vyuo walimjia juu. Mwaka 1981 serikali yake ikatoka madarakani.

Kesi ilikwenda polepole, kama kesi za wanyonge zinavyokwenda kote. Mwaka 1987 jaji aliamua kwamba chuo lazima kiweke utaratibu wa kuhakikisha fedha za sheria ya Hatch zinawafikiria wakulima wadogo. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ikautengua uamuzi huo. Miaka kumi ilikwisha, na chuo hakikuamriwa kufanya lolote.

CHUO KILE KILE, BONDE LILE LILE

Kama tungeishia hapo, msomaji angeondoka akidhani chuo kikuu ni adui. Sivyo. Katika bonde lile lile la nyanya kuna mji mdogo uitwao Lathrop, na hapo palikuwa na kiwanda kilichotengeneza, pamoja na vitu vingine, dawa ya kuua minyoo midogo inayoshambulia mizizi. Dawa hiyo, iitwayo kwa kifupi DBCP, ilichomwa ardhini katika mashamba ya matunda, mananasi na migomba. Kampuni za Dow na Shell ndizo zilizoitoa sokoni katika miaka ya 1950.

Zilipoitoa, ziliifanyia uchunguzi. Kazi moja ilifanywa na Dow yenyewe, na nyingine ilifanywa kwa ajili ya Shell na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, tawi la San Francisco. Panya waliovutishwa hewa yenye dawa hiyo walisinyaa korodani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961 katika jarida la kitaalamu, ambalo bila shaka halikuuzwa kwenye geti la kiwanda. Dawa ikaendelea kuuzwa.

Lathrop, mwaka 1977, wanaume wa idara ya dawa za kilimo walianza kuambizana wakati wa chakula jambo ambalo mwanaume haliambii jambo jepesi: kwamba hawapati watoto. Mmoja alisema, wa pili akasema hata mimi, wa tatu vile vile. Walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi wa mafuta na kemikali, na chama kilisimama nao. Wachache wakakubali kutoa manii yao yapimwe. Majibu yalipofika kwa daktari Donald Whorton, aliyekuwa na mpango wa afya ya kazini wa Berkeley, mpango ulioanzishwa ili kuvisaidia vyama vya wafanyakazi, hakuamini macho yake, akataka wapimwe wengine. Katika wanaume 25 waliochunguzwa ambao hawakuwa wamefungwa uzazi, 14 walikuwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Na kadiri mtu alivyofanya kazi na dawa hiyo kwa muda mrefu, ndivyo hali yake ilivyokuwa mbaya.

Mwaka huo huo California ikasimamisha matumizi yake. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaweka kipimo kipya kwa viwanda: hewa anayovuta mfanyakazi isiwe na zaidi ya sehemu moja ya dawa hiyo katika sehemu bilioni moja. Mwaka 1979 matumizi karibu yote yakasimamishwa nchini humo, isipokuwa kwenye mananasi ya Hawaii. (Hatuwezi kuacha kutaja kwamba mwaka 1977 chama cha wakulima wa pichi kiliiandikia serikali kikipendekeza kwamba kazi ya dawa hiyo wapewe wazee, au watu wasiotaka tena watoto. Barua hiyo ipo, si maneno ya baraza.)

Lakini mashamba ya migomba ya Amerika ya Kati yaliendelea kuchomwa dawa ile ile hata baada ya habari za Lathrop kujulikana, na maelfu ya wafanyakazi wa huko walikuja kudai kwamba waliharibiwa uzazi. Wafanyakazi wa Costa Rica walilazimika kupigana hadi Mahakama Kuu ya jimbo la Texas, mwaka 1990, kwa ajili tu ya kuruhusiwa kushitaki. Habari ilikuwa imevuka bahari kwa meli ya polepole sana, na dawa ilikuwa imevuka kwa meli ya haraka.

Hebu tuviweke pamoja. Chuo ni kimoja. Mashine ya nyanya ilijibu swali la wenye mashamba. Panya wa San Francisco walijibu swali la mwenye kuuza dawa, na jibu likakaa kabatini miaka 16. Vipimo vya Lathrop vilijibu swali la wafanyakazi, na jibu likabadili sheria katika muda wa miezi. Elimu haikutofautiana sana. Vyombo vya maabara vilikuwa vya aina moja. Aliyegonga mlango ndiye aliyekuwa tofauti.

TURUDI HUKU KWETU

Kericho ilikuwa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na baadaye ikawa ya Kenya peke yake. Sehemu kubwa ya miche bora ya chai iliyoenea katika nchi zetu ina asili yake katika kazi ya namna hiyo, na hakuna mchumaji anayechukia mche unaotoa majani mengi. Mashine za kuchuma ni jambo jingine. Oktoba 2010 haijasahaulika na wengi: mwezi huo chama cha wafanyakazi wa mashamba cha Kenya kiliitisha mgomo mkubwa katika mashamba ya chai, na mashine zilikuwa ndiyo sababu kubwa. Kesi nazo zikafuatana. Mei 2023 watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho. Kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti hiyo ilikuwa imetoa taarifa mwaka huo huo kwamba kazi kiasi cha 30,000 zilipotea kwa ajili ya mashine katika muda wa miaka kumi.

Tazama jinsi tarakimu hiyo inavyokaribiana na ile ya California.

Hatuungi mkono kuchoma moto. Mashine iliyoungua hulipwa na bima, na kijana aliyeichoma hulipa kwa kifungo. Ila tunaelewa hasira hiyo inatoka wapi, na tunasema inakuja mwishoni mwa barabara, baada ya milango mingine yote kupitwa bila kubishwa.

Ipo milango gani? Watafiti wa chai wa Kenya wamekwisha kuonyesha katika kazi zao kwamba chai iliyokatwa kwa mashine hupungukiwa ubora ikilinganishwa na ile ya majani mawili na chipukizi iliyochumwa kwa mkono. Hiyo ni silaha. Mwajiri akileta mezani gharama za mikono, chama kilete bei ya chai mnadani. Lakini mwakilishi wetu ataileta vipi kama hajui kwamba kazi hiyo imeandikwa? Makerere wana shamba lao la utafiti Kabanyolo, si mbali na Kampala. Kenya kuna Egerton, Tanzania kuna Sokoine kule Morogoro. Ni vyuo vya umma, vinavyoendeshwa kwa sehemu na kodi zetu, na milango yao ina kengele. Tawi la chama linaweza kuandika barua kuuliza: ni majaribio gani yanayofanywa katika shamba la mwajiri wetu, kwa fedha za nani, na nani anayehesabu watu watakaoguswa? Linaweza pia kupeleka swali lake: vifua vya wapuliza dawa, mikono ya wakata miwa, macho ya wanaofanya kazi kwenye vumbi la kiwanda cha chai. Mwanafunzi anayetafuta jambo la kuandikia shahada yake hupenda swali lenye watu walio tayari kujibu.

Mlango mwingine ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Mikataba mingi tuliyoiona inataja kupunguza wafanyakazi, siku za notisi na malipo ya miaka ya kazi. Ni vizuri, lakini hayo yote huanza mashine ikiwa imekwisha kufika. Kifungu tunachokitaka ni kile kinachomlazimu mwajiri kukiarifu chama tangu siku ya jaribio la kwanza, mashine ikiwa moja tu na mhandisi bado anaitazama kwa wasiwasi, na kinachosema mapema ni sehemu gani ya faida itakwenda kwa watakaoondolewa na kwa kuwafundisha kazi nyingine. Wachuma nyanya walikuwa na miaka minne. Kabla ya hapo majaribio yalikuwa yakifanyika mashambani wazi wazi, na aliyependa aliweza kusimama barabarani akayatazama.

Tunaomba matawi ya mashamba ya chai, miwa na maua, na ya viwanda vinavyosindika mazao hayo, yatutumie nakala ya kifungu chochote cha mkataba kinachotaja mashine mpya au dawa mpya, hata kama ni mstari mmoja, na hata kama mwajiri amekikataa. Katika toleo lijalo tutavichapa sambamba, pamoja na majibu ya waajiri.